Kitambaa cha Rangi Mbili

Mal-sun, fundi cherehani wa mtaani kwetu Daegu, Korea Kusini, kila majira ya baridi alimpelekea mdogo wake Gap-rye kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, amekifunga kwa kitambaa cha harusi ya mama yao: chekundu upande mmoja, bluu wa pili. Uchaguzi ukawagombanisha. Mwaka ule Mal-sun akafunga upande mwekundu ukiwa nje, rangi ya chama chake. Ujinga mtupu. Gap-rye, wa chama cha bluu, akafumua mshono ulioziunganisha pande mbili, akarudisha nusu nyekundu.

"Dada, chukua chama chako."

Hawakusemeshana tena.

Juzi, tukitoka kwenye maziko ya Mal-sun, Gap-rye alinionyesha ile nusu ya bluu.

"Jirani, nani atanishonea irudi kama zamani?"

Mtaani fundi alikuwa mmoja tu.