Jiko la Gesi Lililorudishwa Kinoo

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alifika kwangu Kinoo kutoka Ukambani na jiko la gesi ndani ya gunia. Hakuitikia salamu. Alilitua mezani, kando ya chai niliyokuwa nimeshaiombea, akamgeukia mwanawe, karani katika ofisi za Upper Hill mjini, ambaye huja kwangu kila Jumapili baada ya ibada.

"Chukua kitu chako. Unipe mbegu."

Kijana huyu alikuwa amebomoa jiko la kuni la mama yake na kumjengea lingine safi, lenye gesi. Tulikwenda kulibariki kwa nyimbo. Hakuna aliyefikiria kwamba mahindi ya mbegu yalikuwa yakitundikwa juu ya moto ule tangu siku za mama yangu, na kwamba moshi ndio uliofukuza dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi. Shemeji aliyatundika juu ya gesi. Alipoyashusha apande, yakawa unga mkononi.

"Mathe, mbegu si iko dukani?"

"Ile iliyokauka msimu uliopita, mvua ilipokatika mapema? Yangu hukomaa haraka. Ndiyo iliyokulea!"

"Ilinilea na moshi. Ulikuwa unakohoa usiku wote, mimi nikisikia."

"Heri nikohoe nimeshiba."

Nikasema, "Shemeji, tumshukuru Mungu, tuwe na subira."

"Subira ni yako. Wewe unanunua unga."

Kijana aliondoka bila kugusa chai. Ndipo shemeji akaniambia kwamba mbegu ya zamani imebaki kwa mtu mmoja tu, jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka. Jirani angempa debe moja, naye shemeji amwachie ule ukanda wa shamba ulio kando ya mto, unaotoa mboga hata wakati wa kiangazi. Alitaka mwanawe amtafutie mbegu kama hiyo kwingine. Sasa hakutaka tena hata kumwomba mwanawe. Asubuhi alirudi kwake.

Siku ya mvua ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti, nikishukuru, simu ikalia.

"Huku pia inanyesha," shemeji akasema. "Mbegu ninayo. Jirani yuko kando ya mto, anang'oa miti ya mpaka."

"Umemwambia mwanao?"

"Mwambie wewe, ukimaliza kushukuru."

Akakata simu. Nilibaki nimepiga magoti, na maneno ya sala hayakurudi.