Kidevu cha Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani wa sare za shule. Mimi ni msusi. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nami nimeshika nywele za watu miaka kumi na tisa, nikajidanganya kwamba nimeshika na akili zao. Ndiyo maana siku nilipoona kidevu chake kimenyolewa, nilijua kuna jambo. Mwanamke gani ananyoa kidevu, halafu anakifunika kwa poda?

Sindano zake hazikunitisha. Ana ugonjwa wa sukari tangu darasa la nne, na kabla ya kula hujichoma insulini tumboni pale pale kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Lakini miaka mitatu ya ndoa bila mtoto? Mama yetu alikuwa ameshaanza kutaja mke mwingine, na kaka anampenda huyu. Nikaanza kuchungulia.

Chini kabisa ya kapu la vitambaa nilikuta kigauni cha mtoto mchanga, cha njano, mishono yote imefumuliwa, vipande vimekunjwa vizuri. Hakuna shule inayovaa njano hapa. Cha mtoto wa nani? Kwenye droo ya cherehani nikakuta pakiti ya vidonge, na hivyo sikuhitaji kuelezwa, maana nilivimeza mwenyewe baada ya mwanangu wa pili. Vya kupanga uzazi. Kumbe kaka yangu anasubiri basi kwenye kituo kilichofungwa! Hasira ilinipanda. Pakiti nikaitia kwenye pochi.

Jumapili tulikuwa wote sebuleni kwa mama. Nikaiweka mezani.

"Kaka, muulize mkeo hivi ni vya nini."

Kaka hakumtazama mkewe. Alinitazama mimi.

"Nimevinunua mimi," akasema.

Mama akauliza tunafichwa nini. Wifi akatoa kadi ya kliniki kwenye mkoba, akaishika tu mkononi.

"Mama, hedhi yangu huja inapotaka. Safari moja ilipotea miezi saba. Nimepimwa. Mayai hayapevuki, na homoni za kiume zimezidi. Daktari anasema sisi tunaojichoma insulini hutupata zaidi, kwa sababu insulini ya sindano huzichochea ovari kutoa homoni hizo. Hivi vidonge ni vya miezi michache, kuweka mzunguko sawa. Sukari ikitulia, naanza dawa za kutafuta mtoto."

"Si uache hizo sindano?" mama akasema.

"Nikiacha nakufa, mama."

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mimi nikaona maelezo yamenyooka mno.

"Na ndevu?"

"Ni homoni hizo hizo, wifi."

"Na kile kigauni cha njano?"

"Kigauni gani?" akauliza kaka.

Hapo ndipo nilipojua nimevuka mpaka, maana wifi alifumba macho.

"Kila hedhi ikichelewa, nashona," akasema. "Ikija, nafumua. Kitambaa ni kile kile. Nimeshakishona mara nne."

Kaka alikuwa anajua vidonge, anajua homoni, anajua hata wembe. Hili hakulijua. Akainuka akaenda kusimama uani, na hakuna aliyemfuata.

Mama hajataja mke mwingine tena. Mimi nilikaa wiki nzima najiona mchawi, kisha nikaenda kwa wifi asubuhi na uzi wangu wa kung'olea nywele.

"Wembe unakutia vipele," nikamwambia. "Uzi ni bora. Sitamwambia mtu."

Akasimamisha pedali, akanitazama kama mteja anayehesabu vifungo vya sare yake kabla ya kuondoka nayo.

"Hata mama?"

"Hata mama."

Akaifunga droo ya cherehani kwa ufunguo, ufunguo akautia kwenye sidiria. Ndipo akaniinulia kidevu.