Kisima Tulichokifunga

Reli ilipofika Dodoma nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mke, na nilikuwa na kazi ambayo watu wa kwetu waliicheka: kupima maji. Nilijifunza kusoma kwa wamisionari wa Mvumi, na kwa kuwa nilijua Kigogo na Kiswahili, daktari wa Kijerumani alinichukua niwe mkalimani wake. Vibarua wa reli walipoanza kuhara damu na kufa, akaniongezea kazi ya kubeba chupa.

Kila asubuhi nilizunguka visimani, nikajaza chupa moja kila kisima na kuandika kibandiko. Tukirudi chumbani kwake tulitia matone ya dawa ya zambarau na kungoja. Maji safi yaliishika ile rangi. Maji machafu yaliimeza, yakabaki na ukahawia kama wa chai iliyopoa.

Kisima cha karibu na kambi kiliimeza upesi. Haikuhitaji elimu kujua sababu, maana vyoo vya vibarua vilichimbwa upande wa juu, na ardhi ile huteremka kuelekea kisimani. Daktari aliamuru kifungwe. Mimi na askari wawili tukakifunika kwa mbao za reli, tukapigilia misumari huku wanawake wamesimama na mitungi yao wakitutazama.

Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na aliishi na mumewe kwenye tembe moja nyuma ya kambi.

"Sasa tukateke wapi?" akaniuliza.

"Kule mtoni, dada."

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kiangazi watu walifukua mashimo, wakachota kidogokidogo kwa kata, na ng'ombe nao walinywa hapohapo. Kesho yake nilipeleka chupa ya maji ya mashimo yale. Rangi ilipotea kabla sijaiweka chupa mezani.

"Haya ni mabaya kuliko ya kisimani," nikamwambia daktari.

"Naona," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Siku ileile aliandika barua kwa bwana mkubwa wa boma, akiomba watu waletewe maji kwa treni kutoka mahali penye chemchemi.

Majibu yalikawia. Wakati huo nilitumwa kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe maji. Nilipofika kwa dada, alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kama vile mimi ni mgeni kutoka serikalini.

"Kuni nitatoa wapi?" akasema. "Miti ya karibu mmekata yote mkachoma kwenye garimoshi. Nikienda kuni asubuhi narudi jua linazama. Nichemshe maji, au nipike ugali?"

Nilimletea mzigo mmoja wa kuni. Ukaisha kwa siku tatu.

Hatimaye behewa la maji lilikuja. Nilikimbia stesheni kwa furaha, nikakuta askari amesimama pembeni yake. Maji yalikuwa ya vichwa vya treni na nyumba za Wazungu. Nilimwomba daktari aseme neno. Alisema ameshalisema, mara mbili. Kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na nikaelewa kwamba na yeye amefika mwisho wa uwezo wake.

Dada aliugua wiki ile. Nilichukua chupa moja ya maji yaliyochujwa kutoka chumba cha daktari, bila kumwomba ruhusa, nikampelekea. Alikunywa mafunda mawili akatabasamu.

"Hayana ladha," akasema. "Nipe ya kwetu."

"Ya kwetu ndiyo yaliyokuumiza."

"Najua. Ulishaniambia."

Alifariki siku ya nne. Mumewe hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angenitukana ningepata la kumjibu.

Niliendelea kubeba chupa mpaka masika, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Niliandika majina ya visima na hali ya maji yake katika daftari ambalo sikuwahi kumwona mtu akilifungua. Mvua ziliponyesha, zile mbao za kisimani watu walizing'oa wakaezekea nyumba zao, na wanawake wakarudi kuteka. Niliwaona, nikapita. Daktari akahamishwa, aliyekuja baada yake alisema hana haja na mpimaji.

Tukahamia Kibakwe, kwa wazazi wa mke wangu, ambako maji hushuka milimani. Siku ya kwanza mke wangu alirudi na mtungi, akanipa kata.

"Wewe ndiye unayejua haya mambo," akasema. "Ni mazuri?"

Niliyatazama. Yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu.

"Sijui," nikasema, nikanywa.