Wolai wa Bosi Khelef

Mimi ni mtu wa Ukerewe. Nimezaliwa kisiwani, ziwa mbele, ziwa nyuma, na kabla sijajua kusoma nilishajua kumtoa sato kwenye ndoano bila kuchomwa na miba yake. Nalisema hili mapema ili mtu asinione nina kiburi nikianza kumsema bosi wangu. Namsema kwa elimu.

Bosi wangu anaitwa Khelef, nyumba yake iko Ibra, Omani. Nimekaa kwake miaka mitatu na miezi minne, napika, nafua, naosha magari mawili, na namwangalia mama yake, Bi Ghanima, aliyetoka Unguja akiwa msichana wa miaka kumi na sita na mpaka leo Kiswahili chake kinanifanya nione aibu ya changu. Mke wa bosi alifariki zamani. Binti yake, Raghad, anasoma chuo Nizwa, anarudi kila Alhamisi. Bosi mwenyewe si mtu mbaya, jamani, tuseme ukweli. Hapigi, hatukani, na mshahara unakuja tarehe yake. Ila kwake yeye kila jambo ni baadaye.

Mkataba wangu ulisema baada ya miaka miwili naenda nyumbani likizo. Miaka miwili ikaisha, akasema tupishe Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema tupishe goti la bibi, maana bibi alikuwa katoka kupasuliwa goti. Goti likapona, baba yangu akafariki. Baba alizikwa nikiwa nasikiliza kwa simu, nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Bosi akaja akaniambia, "Pole sana, Kuruthum. Sasa ukienda utafanya nini, na ameshazikwa?" Na alisema kwa huruma kabisa, ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikaenda kulia bafuni.

Akabaki mama, na presha yake ya kupanda na kushuka. Kila nikimpigia ananiuliza, "Utanikuta?" Basi mimi nilikuwa sitaki dhahabu wala simu mpya. Nilikuwa nataka kumkuta mama yangu anapumua.

Mwaka huu bosi akastaafu. Serikalini alikuwa kitengo cha majalada, miaka thelathini anapokea faili kwa mkono wa kulia na kuliweka upande wa kushoto. Mtu wa namna hiyo ukimwachia simu na kochi, lazima kuna jambo litampata. Yeye ulimpata uvuvi. Akawa anaangalia video za wazee wa nchi za baridi, wamekaa kwenye viboti ziwani, miti imegeuka rangi nyekundu na manjano, wanavua samaki mwenye macho makubwa ya kung'aa anayeitwa wolai, na wengine wadogo wadogo wa kuenea kikaangoni. Wazee wale wanasema majani yakianza tu kupukutika, maji yanapoa, na samaki wanakula bila kuchagua. Bosi akatoka uani akaitazama mitende yake. Mtende haupukutishi kitu. Akasema haidhuru, nyota ya Suhaili, ile inayoaga joto, imeshachomoza, majira ni majira.

Vifaa vikaanza kuja kwa posta. Ufito wa kuvulia unaokunjika mara tano. Viatu vya mpira vya kufika mapajani. Kizibao chenye mifuko kumi na saba, nimeihesabu mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyekifua. Minyoo ya plastiki inayonuka vanila. Koti la baridi, mwezi wa tisa, Ibra, wakati jua limepunguza ukali wake kutoka kuua hadi kujeruhi! Na mashine ya kuweka majini inayokuonyesha samaki wako kina gani.

Sasa ziwa lenyewe. Ziwa ni birika la kumwagilia mitende kwenye shamba la rafiki yake, Taimur, nje kidogo ya Ibra. Limetandikwa plastiki nyeusi, na maji yake yananifika kifuani. Taimur amefuga humo sato, wao wanawaita bulti, ili maji yenye kinyesi chao yarutubishe mitende. Lakini bosi ukimtajia bulti ananuna. Yeye alikuwa anavua wolai. Nilimwambia siku moja, "Bosi, hawa ni sato, nawajua, nimekua nao." Akanijibu, "Kuruthum, wewe samaki yako ya Afrika. Hii mambo ya sayansi."

Nikarudi kuosha magari.

Kila alfajiri baada ya sala anaondoka na vifaa vyote, kimya kimya, maana video zimesema samaki anasikia hatua za mtu. Saa nne anarudi amelowa jasho, hana hata dagaa. Bi Ghanima anamngojea barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Haya, mvuvi, umetuletea nini leo?"

"Maji bado ya moto, mama. Wiki ijayo inshallah."

"Lahaula! Watu wameacha bahari nzima Sur na Ashkhara, wewe unavua kwenye beseni! Na hata ukimpata, mie samaki wa maji baridi sijapata kumla tangu kuzaliwa, na sitomla leo nimebakiwa na meno mane."

Wiki nne zikapita hivyo, na ingekuwa ni mchezo wa mzee mstaafu tu, nisingekuwa na haja ya kuusimulia. Lakini Raghad akapata mchumba. Kijana anaitwa Ghaith, wamejuana huko huko chuoni Nizwa, kwao Ashkhara. Baba yake, Mzee Khattab, ni nahodha, miaka arubaini baharini. Wakapanga kuja Ijumaa kuposa. Bosi akiwa kwenye simu na Mzee Khattab, sijui shetani gani alimpitia, nikamsikia anasema kwa Kiarabu, "Mtakula samaki niliyemvua kwa mkono wangu!" Watu wa Ashkhara, ambao mtoto wao anamjua nguru kabla hajamjua shangazi yake!

Bi Ghanima akashika kichwa. Mimi nikaona mlango. Nikamfuata bosi barazani, mama yake akiwa hapo hapo, nikamwambia, "Bosi, wageni wakila samaki wakaridhika, nami niende nyumbani?"

Bosi alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaahidi upesi. Akainua kidole. "Wallahi al-adhim, Kuruthum. Ijumaa wakila samaki yangu, Jumapili wewe kwenye ndege." Na kweli akakata tiketi, nikaiona kwenye simu yake, jina langu lote, Jumapili saa nane mchana kutoka Muscat. Nikampigia mama. Mama akapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Alhamisi asubuhi bosi akarudi kutoka birikani mikono mitupu kama kawaida yake. Akakaa kwenye ngazi na vile viatu vya mapajani, karibu kulia. Akasema ataendesha mpaka Sur akanunue nguru sokoni, aseme kamvua yeye.

"Nguru!" Bi Ghanima akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Nguru katoka birikani mwa Taimur! Nahodha mzima atakuuliza kapitia mfereji upi."

Hapo nikavua aproni. Nikasema, "Bosi, nipeleke mimi. Leo alasiri. Na usivae kitu."

"Nisivae kitu?"

"Namaanisha hicho kizibao, bosi."

Bi Ghanima akasema kwake haijapata kutokea mfanyakazi na bwana wakaenda shamba peke yao, kwa hiyo naye akaja, akakaa garini na kiyoyozi, kioo ameshusha kidogo ili asikose kitu. Mimi nilikuwa na mshipi, ndoano tatu ndogo, na mkate niliouponda na maji na chumvi nikafinyanga vidonge. Basi. Tukamkuta Mizan, mfanyakazi Mbangladeshi wa Taimur. Nikamuuliza kwa Kiarabu chetu cha vibarua, samaki wanakula saa ngapi? Mizan akashangaa kwamba kuna mtu anauliza. Akachukua mkebe wa maziwa, akaugonga kwa kijiko mara tatu.

Wallahi, maji yalichemka! Samaki walikuja wote pembe ile, midomo juu, wanakanyagana. Kumbe kila siku alasiri Mizan anagonga mkebe na kuwamwagia chakula. Alfajiri samaki wale hawana shida na mtu, wameshiba tangu jana. Bosi wiki nne alikuwa anawabembeleza na minyoo ya vanila wakiwa wamelala.

"Usiwamwagie," nikamwambia Mizan, "wewe gonga tu." Nikatupa mshipi. Nilikuwa sijavua miaka mingi lakini mkono haukusahau, na nilipomtoa wa kwanza nilijisikia niko kwetu, nikacheka peke yangu. Saa moja, samaki ishirini na wawili. Kila ninayemtoa, bosi anampokea, anavaa kizibao, maana alikuwa amekificha garini, anasema, "Nipige picha, Kuruthum." Kabla hatujafika nyumbani picha zilishafika kwa jamaa zake wote, Muscat mpaka Unguja. Mkono wangu umeonekana kwenye picha moja tu, na hiyo aliikata.

Ijumaa nikapika kama mtu anayepika nauli yake. Nusu nikawakaanga kwa ndimu na kitunguu saumu, na kabla ya hapo niliwaloweka kwa siki ili watoke tope. Nusu nikawapaka nazi nzito na pilipili. Nguvu za mwili wangu zote zilikuwa kwenye sinia lile. Nikasimama nyuma ya pazia la majlisi, chumba cha wageni, nasikiliza. Kiarabu changu cha jikoni kinatosha kusikia mtu akisifu.

Nikamsikia Mzee Khattab anafyonza kichwa cha samaki. Halafu akasema, "Khelef, mimi samaki wa birikani nilikuwa namcheka. Leo nimekoma. Umemvuaje?" Bosi akaanza kueleza habari za joto la maji, majani kupukutika na macho ya wolai, robo saa nzima, na nahodha wa miaka arubaini anaitikia, "Mashallah, mashallah." Posa ikapita kabla ya kahawa. Kule ndani Bi Ghanima alikuwa anakwangua sahani yangu ya nazi kwa kidole. Nilipomtazama akasema, "Naonja chumvi tu." Raghad akanikumbatia. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi.

Wageni walipoondoka, bosi akaja jikoni uso unang'aa.

"Kuruthum, mwanangu! Wanarudi Ijumaa ijayo. Mzee Khattab analeta ndugu zake wote, watu ishirini. Anataka waone mimi navua."

"Haya, bosi. Mizan atagonga mkebe."

"Mizan anajua gonga. Hajui pika." Akatazama sakafu. "Jumapili tusogeze kidogo. Baada ya harusi, khalas, unaenda."

Nikasema, "Bosi, uliapa." Sauti yangu haikutoka kubwa kama nilivyotaka. "Mama yangu ananingoja. Baba yangu nilimzika kwa simu. Bosi, uliapa!"

Bi Ghanima akaingia na fimbo yake. Alikuwa amekasirika kweli, na nitamshukuru kwa hilo. "Khelef! Umeapa kwa jina la Mungu mbele yangu mie. Hebu usinitie balaa nyumbani. Kiapo hakivunjwi hivi hivi!"

Bosi akanywea. Mungu bosi anamwogopa, hilo silikatai. Akafikiri, kisha akauliza taratibu, "Na mtu akivunja, mama?"

"Kafara. Alishe masikini kumi."

"Kumi tu?" akasema bosi, na nikaona mabega yake yanashuka. Bi Ghanima alikuwa amekuja kunisaidia, akanimaliza. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo ya bosi na tiketi iko kwenye simu ya bosi. Usiku ule sikumpigia mama, nilizima simu.

Jumapili tukaenda shambani. Wa kulishwa walikuwa vibarua wa mashamba ya jirani pamoja na Mizan. Na wa kuwavua samaki? Mimi. Wa kuwapika? Mimi, juu ya mafiga matatu, chini ya mitende. Saa nane mchana, wakati ndege yangu inaondoka Muscat, nilikuwa nageuza sato kwenye mafuta. Bosi alisimama kwenye mkeka anahesabu vichwa kwa kidole, mwangalifu, na miaka yote ile ya majalada ilikuwa inaonekana. Akahesabu mara mbili. Walikuwa tisa. Mmoja alibaki kulinda pampu.

Akageuka huku na huku kutafuta wa kumi. Kisha akaniona.

"Kuruthum," akasema kwa upole, "acha hiyo. Njoo ukae na wewe, ule."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Mizan akasogea kunipa nafasi. Nikanawa mikono, nikakaa mwisho wa mkeka, nikala. Samaki alikuwa mtamu, nisiseme uongo. Bosi akahesabu tena tangu mwanzo, kidole kikaishia kwangu, akashusha pumzi na kusema alhamdulillahi, kiapo kimeshamtoka.