Ami aliniondolea ngazi, sasa anataka nimshike mkono kwenye ndege

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Pemba hii ukipiga chafya Mkoani, Wete wanakuombea dua. Mie mwanamme wa miaka arubaini na moja, fundi wa mafriji hapa Chake, nina mke na watoto watatu. Umeme siuogopi. Naogopa ndege.

Miaka mitatu nyuma nilipanda na mke wangu kwenda harusini Dar. Nikakaa, nikafunga mkanda, nikasoma kila dua ninayoijua. Walipokunja ngazi wafunge mlango, macho yakafanya giza, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaomba kushuka. Mke wangu akaenda harusini peke yake, zawadi kaipakata.

Habari zikamfikia ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ndiye alonilea. Tangu hapo barazani hana hadithi nyengine: "Mwanamme mzima kateremka ndegeni, utadhani kasahau muhogo motoni!" Watu wanacheka. Nami nacheka, maana nikinuna itakuwa hadithi ya pili.

Sikusoma sana, lakini simu ninayo. Nikawa nasoma mambo ya hofu huku nikisubiri friji za watu zipate baridi. Wanasema hofu haianzi pale inapokushika. Mwili unakumbuka ulichokisahau weye. Nikajichunguza. Juu sikuogopi, mapaa ya watu napanda kila siku. Kilichonishika ni ile ngazi kuondoka.

Hapo nikamwona ami.

Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa karafuu, niko juu ya mkarafuu nachuma, nikavunja tawi. Ami hakunipiga. Aliichukua ngazi akaitia begani. "Kaa huko huko. Tawi hilo lina faida kuliko weye." Nikalia. Akageuka: "Tumbili gani analilia ngazi?" Wanawake waliokuwa wakichambua karafuu chini wakacheka. Ilikuwa alasiri. Niliteremshwa magharibi ishaadhiniwa, nguo zimeroa, na mvua haikunyesha.

Sasa ami ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanawe aliyeko Maskati kakata tiketi mbili za Dar ili akapasuliwe. Hajapanda ndege maisha yake, na katika ukoo mzima kanichagua mie. Juzi kaning'ang'ania mkono: "Mwanangu, usiniwache peke yangu kule juu."

Nikamuuliza, "Ami, waukumbuka mkarafuu wa bondeni?"

Akacheka. "Nlikuwa nakufunza kazi."

Basi nimeshapanga. Nitampandisha, nimkalishe dirishani, nimfunge mkanda niukaze, na kabla ngazi haijakunjwa, nishuke. Uzoefu ninao. Dar shemeji yangu atampokea. Atakaa juu kitambo kidogo tu, haoni, hajui ashike wapi. Mie nilikaa zaidi. Na maneno ya kumwachia sikioni ninayo, kanifunza mwenyewe: "Tumbili gani analilia ngazi?"

Nilipomwambia mke wangu, hakuacha hata kukuna nazi. "Shuka. Ila hakuna atakayesema umelipiza. Watasema kashuka tena."

Tangu aseme hivyo sili nikashiba. Nikishuka, hata mie sitojua ni kisasi au ni woga. Nikibaki, nitakuwa namshika mkono mtu aliyenitia ugonjwa huu, naye atarudi anaona, aanze hadithi mpya.

Nyie mliokwishapanda, niambieni: mtu huadhibiwaje nawe umekaa ubavuni pake? Safari ni Jumamosi asubuhi. Nipeni rai kabla hawajakunja ngazi.