Nimemkimbiza Mkwe Wangu na Kamera

Nyinyi wajukuu mmepotea kabisa, hata uji wangu mmesahau, na leo mngenikuta hapa Noonkopir nikimkimbiza mume wa binti yangu mchana kweupe.

Ngoja nieleze kabla majirani hawajawaambia.

Si mnajua tunafundishana kutengeneza filamu? Jirani yangu Mama Naserian alijua kutumia kamera mwezi jana tu, sasa ananifundisha mimi. Leo ilikuwa zamu yangu ya kwanza kuishika. Akaniambia, "Ukiharibu hii, Koko," yaani bibi, "unarudi kupika chai."

Mimi? Chai? Hapana.

Mchezo ni wa mwizi wa mbuzi. Mwizi akatokea nyuma ya nyumba na mbuzi begani.

Kumbe ni mkwe wangu!

Na desturi yetu ya Kimaasai mnaijua: mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni.

Nikajifunika shuka, mimi pamoja na kamera. Nikajiambia, kwa kioo cha kamera si yeye, ni picha yake tu.

Yeye akanitambua. Akatimua mbio na mbuzi wa watu!

"Mfuate, Koko!" Mama Naserian akapiga kelele. "Usimwachilie!"

Nikamfuata. Na magoti haya! Tumezunguka boma mara mbili, yeye analia, "Mama, rudi, tafadhali!" na mimi namwambia, "Kimbia tu, usigeuke!"

Wanasema hawajaona mwizi akikimbia vizuri hivyo. Chai atapika mwingine.

Jumamosi filamu itaonyeshwa kanisani, na mimi na mkwe lazima tuwe ndani. Kujeni nyote. Yule mnene zaidi kati yenu akae katikati yetu.