Uvimbe Tumboni mwa Chui

Zahanati nzima walimwita Dada Jeli, kwa sababu ya ile jeli baridi aliyowapaka akina mama wajawazito huku akiwaomba radhi. Kazi yake ilikuwa kupima matumbo kwa ultrasaundi, na hakuna tumbo lililokuwa limewahi kumtisha. Ila shemeji yake, mdogo wa mumewe, daktari wa bustani ya wanyama, alipokuja kumwomba ampimie chui, Dada Jeli alicheka mpaka akatafuta kiti.

Shemeji mwenyewe hakuwa na utani siku hiyo. Chui wake, jike mzee, alikuwa amekonda, presha imepanda mno, na jicho moja limevia damu. Alishuku tezi ndogo iliyo karibu na figo imevimba na ndiyo inayopandisha presha, lakini macho yake hayakuzoea picha zile kama ya shemejiye.

Basi Dada Jeli akabeba mashine yake. Alimkuta chui amelazwa kwa dawa, ubavu umenyolewa, ulimi nje. Akampaka jeli, akaanza kupima. Kulia kulikuwa salama. Kushoto akakuta kitu cha mviringo, kama limau, ubavuni mwa mshipa mkubwa wa damu.

"Kimeuegemea tu, shemeji," akasema. "Hakijaingia ndani. Mnaweza kukitoa."

"Una hakika?"

"Mimi huwaambia watu wana mapacha. Nikibahatisha nitapigwa."

Wakampasua wiki ileile, naye akaombwa awepo. Kila mara shemeji alipougusa uvimbe, presha ya chui ilipaa, na mtu wa dawa ya usingizi akamwambia atoe mkono. Akautoa, wakasubiri, akarudi taratibu, akifunga mishipa midogo mmoja mmoja. Dada Jeli aliegemea ukuta. Uvimbe ulipotua kwenye bakuli, hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alitazama presha, nayo ikashuka, ikatulia.

Chui akazinduka vizuri, ila akagoma kula. Shemeji akawa anapiga simu asubuhi na jioni kumlalamikia Dada Jeli, hata mumewe akauliza kama siku hizi ameolewa na chui. Ndipo ikaja simu ya furaha: kuku mzima kaliwa, na mfupa haukubaki.

Jumapili Dada Jeli akaenda kumwona. Chui alimtazama kupitia wavu, akakunja mdomo, akamfokea kwa meno yote.

"Ndiyo shukrani yake," shemeji akasema.

Dada Jeli akarudi hatua mbili nyuma, akitabasamu. Jicho lile lilikuwa limeanza kung'aa.